Bouton ya Kurudisha

WIVINE: Haloo? Ni nani?

IDRISS: Haloo! Yaya Wivine? Jambo, dada mukubwa—

WIVINE: Jambo. Ni nani? Sema nguvu, réseau iko inakata. Nimetoka mu salle juu ya hii numéro. Inaita, inaita, kama vile muntu amekufa.

IDRISS: Bado hajakufa. Ni Idriss.

WIVINE: Idriss gani?

IDRISS: Uko na ba-Idriss wangapi? Idriss mwenye alikuchorea application. Habari ya siku mingi, yaya.

WIVINE: Muzuri. Ya kwako? Tantine Amida iko muzima?

IDRISS: Iko apa pembeni yangu, anashika kichwa ya muntu. Hii simu ni yake, ile ya kale, ya mabouton. Yangu baliipasua na jiwe. Yaya, sikia, sina unité mingi—

WIVINE: Hapana, wewe njo usikie. Kama unataka turudie palabre yetu, ule ugomvi, ngoja mangaribi. Niko ku njia ya aéroport ya Luano, salle nzima ya bajeunes, vijana, inaningoja. Balinialika niwafundishe namna ya kuanzisha entreprise. Nilikuwa nabaeleza application yetu Fika ilizaliwa namna gani: motari, ule wa taxi ya pikipiki, anavamiwa, anafinya bouton nyekundu ku simu, benzake bote ya muji banaona fasi iko, banakimbia kumuokoa. Balipiga makofi, Idriss. Balisimama. Nimebaacha na photo ya Aristote ku ukuta, kubwa kama mulango.

IDRISS: Photo ya nani?

WIVINE: Aristote. Motari wangu wa kwanza. Kila juma hakuna muntu anamupita na nyota, zile tunalipa mwenye anafika wa kwanza.

IDRISS: Aristote iko apa inje.

WIVINE: Apa wapi?

IDRISS: Katuba, kwa tantine. Tuko ndani ya atelier yake ya kushona, tumejifungia. Aristote iko ku mulango na jiwe mu mukono, na nyuma yake bamotari, yaya, barabara imejaa mupaka ku kona. Banataka tubapatie—

(Kishindo. Mlango wa chuma unalia, mtu anapiga yowe.)

WIVINE: Mawe, mama wee! Ni nini hiyo?

IDRISS: Njo jiwe. Tumesukuma bamachine ya kushona ku mulango. Haitabeba.

WIVINE: Banataka mubapatie nini?

IDRISS: Numbi.

WIVINE: Numbi... Numbi fundi? Ule alikuwa anatuazima batournevis wakati hatukuwa ata na kiti?

IDRISS: Ule ule. Banasema aliiba pikipiki ya motari Fils.

WIVINE: Aliiba?

IDRISS: Yaya! Numbi? Alikuwa anafanya essai! Fils alimuachia pikipiki atengeneze frein, ile breki, akaenda kula bukari. Numbi alimaliza, akavaa casque, ile kofia ya pikipiki, akapanda, akazunguka quartier kusikia kama frein inashika. Fundi gani hafanyi vile? Fils anatoka na mikono bado iko na maji, anaona pikipiki yake inapotea ku kona, na muntu juu hamutambui juu ya casque. Mukono yake ilikuwa mbio kuliko kichwa. Akafinya.

WIVINE: Bon. Na kisha?

IDRISS: Kisha Numbi alizunguka, akarudi! Akasimamisha pikipiki mbele yake. Balicheka, yaya. Miye nilikuwa ku mulango, niliwaona banacheka bote mbili. Fils akatoa simu arudishe alarme. Akatafuta. Akatafuta.

WIVINE: Bouton ya kurudisha haiko.

IDRISS: Akafinya tena ile nyekundu, anafikiri labda njo inazima. Na unajua kufinya tena inafanya nini.

WIVINE: Inaanza upya.

IDRISS: Inaanza upya. Na nguvu zaidi. Alifinya kama mwenda wazimu. Njo bahoni zilianza kulia upande ya commune ya Kenya, upande ya Kamalondo, pande zote.

WIVINE: Fils alikuwa pale, angebaambia—

IDRISS: Alibaambia! Aristote alifika wa kwanza. Hakuuliza ata jina. Alishuka na casque mu mukono, akamupiga nayo Numbi ku uso. Nilisikia mufupa, yaya. Nilisikia. Fils akamurukia, anapiga kelele: ni fundi wangu, ni fundi wangu! Balimwambia umekula pamoja na mwizi. Balimupiga ngumi ya kinywa. Fils iko apa chini, anatema meno mu kitambaa ya tantine.

WIVINE: Jésus.

IDRISS: Balimuangusha Numbi, muntu akaendesha pikipiki juu ya muguu yake. Akarudi nyuma, akapita tena. Juu ya nini arudi, yaya? Miye na tantine tulimuvuta na mikono mupaka ndani. Njo balipasua simu yangu, na bega yangu iko sijui namna gani.

WIVINE: Na muguu yake?

IDRISS: Usiniulize juu ya muguu.

(Kishindo kingine. Vioo vinamwagika.)

WIVINE: Ita police!

IDRISS: Tuliita mbele ya kukuita wewe. Banasema banakuya. Wewe unajua njia ya uku nyuma ya mvua.

WIVINE: Aristote haiko vile, Idriss. Aristote anaimbaka mu chorale. Alilia mbele yangu siku nilimupa casque mupya.

IDRISS: Njo ile casque alipiga nayo.

WIVINE: Mupe simu. Nitaongea naye. Atanisikia, ananiitaka mama.

IDRISS: Dirisha iko na grillage ya chuma—

WIVINE: Weka sauti inje! Pandisha nguvu! Aristote! ARISTOTE! Ni mama PDG, mukubwa wa Fika! Acha iyo jiwe!

(Makelele mengi. Watu wanaimba kwa pamoja, wanagonga bati kufuata wimbo.)

WIVINE: Alisikia?

IDRISS: Alisikia. Alicheka, akabaambia benzake: mama PDG iko ku simu, anatupa nguvu.

WIVINE: Nilisema aache!

IDRISS: Sauti ilifika nusu nusu. Lakini umesikia nini beko banaimba?

WIVINE: Hapana. Réseau.

IDRISS: «Fika kwanza, uliza nyuma.»

WIVINE: Ile maneno yangu.

IDRISS: Uliandika wewe ku gilet zao, zile vizibao bya kazi. Herufi kubwa, mugongoni. Sasa ivi nikiangalia ku kitundu ya mulango, njo kintu naona. Migongo na ile maneno.

WIVINE: Ilikuwa maneno ya kubapa moyo, Idriss! Bantu habakimbii bure. Ulikuwepo, uliona mwanzo: motari anafinya, anakufa peke yake njiani, benzake banaona alarme na kuendelea kubeba baclient. Nilichukua desturi yao bamotari, ile yenye iko tangu kale: mwenzao akianguka, bote banakuya na matawi na bahoni. Niliiweka mu simu. Niliongeza nyota. Nilifanya bibaya?

IDRISS: Zamani na matawi banakuyaka kulia mwenzao. Sasa banakuya kushindana. Nilikuambia mu bureau, mbele ya bote: yaya, unalipa mbio, haulipi ukweli. Anayefika wa kwanza anapata nyota. Anayefika wa kwanza na akakuta hakuna mwizi, anapata nini?

WIVINE: Hapati kintu.

IDRISS: Basi anatafuta mwizi! Njo bantu vile tuko! Na nilikuchorea bouton ya pili, ya kurudisha. Nilikuletea mara tatu. Ulisema nini?

WIVINE: Idriss, haiko saa yake—

IDRISS: Ulisema bouton mbili inachanganya bantu. Bouton moja tu, ata muntu amelewa aijue. Ulisema unataka kintu ya kupendeza macho. Nikakataa, ukanifukuza.

WIVINE: Sikukufukuza. Ulienda.

IDRISS: Nilienda na carton mu mikono na wewe ulishika mulango wazi, yaya. Tuiite namna gani?

WIVINE: Na leo njo ile nimebafundisha, kama unataka kujua. Nimeandika ku tableau: toa kila kintu mupaka ibakie bouton moja. Bajeunes baliandika. Umefurahi?

IDRISS: Nifurahi? Numbi iko anakufa apa ku miguu yangu na unaniuliza kama nimefurahi?

(Mtandao unakwaruza.)

WIVINE: Samahani. Iko anasema?

IDRISS: Iko analomba maji. Tantine anakataa kumupa juu damu iko inatoka mu kinywa. Anasema tu, frein iko muzuri, muambie Fils frein iko muzuri.

WIVINE: Mungu wangu. Ngoja. Ngoja nifikiri. Niko na simu ingine mu sac, nitamuandikia Princesse wa bureau azime serveur, ile machine ya application.

IDRISS: Kuzima inazuia bale bado habajafika. Hawa banashafika.

WIVINE: Basi nibatumie neno: ni kosa, rudini.

IDRISS: Utabatumia na nini? Application yako haina maneno. Uliyatoa, ulisema motari hasomi njiani. Iko tu na sirène na point nyekundu.

WIVINE: Niliyatoa juu motari wetu Chance alikufa anasoma! Na moteur inatembea!

IDRISS: Najua, yaya. Nilikuwa ku kilio. Sikulaumu kwa ile. Mais nakuambia kintu iko: sirène na point nyekundu, basi. Yaya... sasa nasikia arufu.

WIVINE: Arufu ya nini?

IDRISS: Essence, mafuta ya pikipiki. (Sauti inashuka.) Beko banasukuma pneu, matairi ya kale, ku mulango. Tantine, toa vitambaa pale chini! Toa! Toa yote!

WIVINE: Idriss? Idriss!

IDRISS: Niko. Pneu mbili. Tatu. Aristote anasema tufungue ao tuive pamoja naye. Vitambaa bya harusi ya bantu bimejaa apa, yaya, tutawaka kama kiberiti.

WIVINE: Mulango ya nyuma?

IDRISS: Iko. Inatokea ku parcelle ya jirani, na jirani iko na taxi-bus. Lakini beko na uku pia, bamotari ine ao tano. Nikitoka na Numbi mugongoni, sitafika ku bus.

WIVINE: Iko kintu moja tu inabaondoaka fasi.

IDRISS: Nini?

WIVINE: Point nyekundu ingine.

IDRISS: Alarme ingine?

WIVINE: Nyota za uku banashapata, ao banafikiri banashapata. Alarme mupya ni nyota mupya. Nikishika bouton murefu, ile alarme ya muntu anakufa, njo nyota mara tatu. Aristote hatamuachia muntu mwingine nyota mara tatu. Namujua. Ni miye nilimufanya vile.

IDRISS: Mais point haipandi na mukono, yaya. Ulitaka yenyewe iangalie simu iko wapi, juu ya bale balikuwa banapiga alarme ya bongo, ya uwongo. Banakuya fasi simu iko.

WIVINE: Najua.

IDRISS: Banakuya kwako.

WIVINE: Najua, Idriss. Niko najua kazi yangu.

IDRISS: Na bajeunes?

WIVINE: Njo natoka. Niko ku portail sasa, ku mulango kubwa ya inje. (Kwa mtu mwingine) Papa sentinelle, mulinzi, funga nyuma yangu. Weka kufuli, cadenas. Usifungue, ata mutoto yako akikuita. Ndiyo, najua niko na viatu ya talons, funga tu.

IDRISS: Yaya, ngoja. Labda tunaweza—

WIVINE: Moto imefika wapi, Idriss? Pneu inawaka?

IDRISS: ...Moja inawaka.

WIVINE: Basi usiniambie ngoja. Mbele ya salle iko kiwanja tupu, barabara iko upande. Hakuna bantu. Nitasimama pale katikati.

IDRISS: Finya na ukimbie! Tupa simu na ukimbie!

WIVINE: Bakikuta simu bila muntu, watachukua wa kwanza anapita. Umeniambia wewe mwenyewe sasa ivi: hakuna mwizi, anatafuta mwizi. Lazima bakute uso yenye banajua. Niko kiwanjani. Unasikia ndege? Iko inashuka Luano.

IDRISS: Nasikia.

WIVINE: Nafinya na simu ingine. Naishika.

(Upande wa Idriss, ving'ora vingi vinalia kwa mara moja.)

WIVINE: Inalia?

IDRISS: Inalia mu bamifuko yote. Yaya... balinyamaza. Bote banaangalia simu. Banaona point.

WIVINE: Aristote?

IDRISS: Anaangalia. Anaangalia mulango. Anaangalia simu. (Moteur inawashwa, kisha nyingine, kisha nyingi.) Alitupa jiwe. Anapanda. Yaya, anaenda! Beko banaenda! Banagongana ku kona, moja ameanguka, banapita juu yake—tantine, fungua nyuma! Fils, shika kichwa, usiachie kichwa! Miguu, miye nashika miguu... Pole, Numbi. Pole, ndugu. Pole.

(Yowe refu la mtu. Hatua. Mlango wa gari.)

WIVINE: Idriss? Mutoe! Mutoe mbio!

IDRISS: Tuko mu taxi-bus. Jirani anaendesha. Mama ba mu quartier beko banamwangia mulango maji. Numbi anapumua, yaya. Anapumua na makelele, mais anapumua.

WIVINE: Aksanti Mungu.

IDRISS: Sasa kimbia. Rudi ndani ya portail. Kimbia!

WIVINE: Na bajeunes ndani? Nibapelekee hii mu salle? Acha, Idriss. Sikia, iko kintu nataka nikuambie mbele bafike. Neno ya siri ya serveur ni ile ile.

IDRISS: Ile gani?

WIVINE: Ile uliweka wewe. Sikuibadilisha.

IDRISS: Ulinifuta, yaya. Siku ileile.

WIVINE: Nilifuta jina yako ku bouton, usiweze kufinya. Ku serveur sikufuta. Sijui juu ya nini. Princesse alinisema kila mwezi, badilisha, badilisha. Nikamwambia niko na kazi mingi. Leo, ukimufikisha Numbi, uende bureau. Uweke bouton ya kurudisha. Chini ya ile nyekundu, kubwa sawa nayo. Usiipunguze juu ya kupendeza macho.

IDRISS: Tutaiweka wote mbili.

WIVINE: Tutaiweka. Nasikia bahoni.

IDRISS: Mbali?

WIVINE: Ku pont, ku daraja. Beko mbio, Idriss. Njo sasa naelewa mwizi anasikiaka nini. Oh, hapana. Hapana, hapana.

IDRISS: Nini?

WIVINE: Iko muntu. Papa moja, muzee, na kinga yake, baiskeli, amebeba bisaki bya makala. Anapita ku kiwanja. Papa! Rudi! Pita kule! ...Hanisikii juu ya bahoni. Papa, usikimbie! Usikimbie, simama! Ukikimbia watafikiri—

(Moteur nyingi zinafika. Honi zinakatika moja moja. Kelele za watu.)

IDRISS: Yaya? Yaya, sema.

SAUTI YA MWANAUME: Miye wa kwanza! Bote muliona, miye wa kwanza! Mama PDG! Umeumia? Mwizi iko wapi?

WIVINE: Aristote. Zima moteur, mutoto wangu.

SAUTI: Iko wapi, mama? Ni ule wa makala? Iko anaacha kinga, anakimbia! Mushikeni!

WIVINE: Muache! Hakuna mwizi, Aristote! Nilifinya miye. Niliwaita miye. Muntu wa Katuba ni fundi, hakuiba kintu. Nimewadanganya mutoke kule.

SAUTI: Umetudanganya?

(Kelele inapanda. Mtu anasema: tumevuka muji muzima juu ya bure? Mwingine anasema: na yule mwizi wa Katuba, tumemuacha juu ya huyu mama?)

IDRISS: Yaya, shuka chini! Funika kichwa!

WIVINE: Muacheni papa! Kama mukono zinawawasha, niko apa! Ni miye! Ni miye nilifanya hii kintu, ni miye—

(Pigo. Simu inaanguka. Vishindo vya viatu. Mwanamke analia mara moja, kisha hasikiki.)

IDRISS: Yaya! YAYA! ...Jirani, geuza. Hapana, usigeuze, endelea, Numbi... Mawe, mama wee, nifanye nini? Yaya Wivine!

(Kelele. Mlio wa simu ukionya kwamba unité zinakaribia kwisha. Kisha mtu anaokota simu.)

SAUTI: Haloo? Ni nani?

IDRISS: Aristote? Iko wapi mama? Mulimufanya nini?

ARISTOTE: Ni nani?

IDRISS: Ni Idriss. Ule alitengeneza bouton.

ARISTOTE: Ah, chef! Chef, bouton yako iko na kosa. Imetuonesha mwizi Luano, tumekuya, ni mama PDG peke yake.

IDRISS: Iko muzima?

ARISTOTE: Muntu wa nyuma alirusha jiwe. Haikuwa miye, chef. Miye nilimupiga mara moja tu, na mukono, juu ya hasira. Iko chini. Anafungua macho, anafunga.

IDRISS: Na papa wa makala?

ARISTOTE: Mama alikuwa amemulalia juu. Hatukuweza kumufikia.

IDRISS: (analia)

ARISTOTE: Chef, nilitaka kuuliza. Nilikuwa wa kwanza ku Katuba, na wa kwanza apa. Nyota zangu zitaingia?

(Mtandao unakwaruza.)

ARISTOTE: Chef? Uko?

IDRISS: Niko. Sikia, Aristote. Sikia muzuri sana. Nyota ya apa hazijaingia bado. Zitaingia mara kumi.

ARISTOTE: Mara kumi!

IDRISS: Kwa mwenye atamufikisha mama hospitali na roho yake ndani. Akifika na roho, nyota. Akifika bila roho, nafuta jina ya kila muntu alikuwa pale, wewe wa kwanza. Niko na neno ya siri.

ARISTOTE: Nitamufikisha! Nitapita ku njia ya—nyinyi, musimuguse, ni wangu! Nitakimbia, chef, utaona vile—

IDRISS: Hapana! Usikimbie. Kichwa yake imepasuka. Muweke ku pikipiki, katikati ya bantu mbili, mumushike, uende pole pole. Na benzako bapite mbele, bafungue njia.

ARISTOTE: Pole pole?

IDRISS: Pole pole. Kila shimo, unasimama.

(Mlio wa onyo tena.)

IDRISS: Unité inaisha. Umesikia, Aristote? Sema kama umesikia!

ARISTOTE: Nimesikia, chef, nimesikia. Mais kama ni pole pole... mutajua namna gani nani alikuwa wa kw—

(Simu imekatika.)